Tulicheza vibaya, lakini tulikuwa na fasi ya kucheza

Leo hatutaandika juu ya bei ya shaba, wala juu ya bus ya kazi yenye inachelewa kila Jumatatu. Leo tunataka kuzungumza juu ya kucheza muziki. Musicheke kwanza, kicheko kiko njiani.

Siku ya proclamation inakaribia. Juzi mama mmoja wa avenue yetu alikuja kutulomba shauri. Binti yake ana miaka 13, anasoma huitième. Alitaka ruhusa, kisha proclamation, aende kufurahi pamoja na wenzake. Fasi gani? Ku terrasse moja ya kando ya barabara ya mine, pale wanaume wanakunywa wakitoka kazini. Mama akakatala, na alifanya vizuri. Mtoto akalia, akapangusa machozi, akauliza: "Basi mama, shiye batoto tutachezea wapi?"

Mama hakukuwa na jibu. Na sisi watu wazima, wote wenye tulikuwa tumekaa pale juu ya viti vya plastiki, hatukuwa nalo. Tulinyamaza. Kisha mmoja wetu, mwenye alifanya kazi miaka mingi mu fonderie na leo kichwa chake kimejaa mvi, akaanza kucheka peke yake. "Munakumbuka boum ya C.O.?" Basi, usiku wote ukaishia pale.

Kwa vijana wenye hawajui: C.O. ni cycle d'orientation, njo ile miaka miwili ya kwanza ya secondaire, yenye leo munaita septième na huitième. Sisi tuliisoma katikati ya miaka ya 1980, mu masomo ya kambi ya kampuni, wakati nchi yetu iliitwa Zaïre. Na boum haikuwa bal ya watu wakubwa. Ilikuwa mchana, saa nane mpaka saa kumi na moja, ndani ya salle ya masomo, tarehe 2 Julai, kisha kusomewa points. Mwenye alipita alicheza juu alipita. Mwenye alianguka alicheza haraka haraka, mbele baba yake hajatoka kazini kusoma bulletin.

Kila mtoto alileta kitu: sukari kidogo, kikombe cha karanga, ao makuta ya kununua sucré. Simba hakuna. Sigara hakuna. Mama mmoja wa foyer social alikaa ku mlango na kunusa kinywa cha kila kijana, kama mtu mwenye anachagua samaki ku soko.

Tuanze na nguo, juu shida yote ilianzia kwa nguo. Suruali ilikuwa ya yaya. Yaya alikuwa na kimo kingine, basi mukaba ulizunguka kiuno karibu mara mbili, na shati ilibaki ndani ya suruali kwa nguvu ya Mungu. Mafuta ya kichwa tulipaka mingi mpaka inzi walikuwa wanateleza. Marashi ya baba, yenye alikuwa anaweka tone moja siku ya Noël, mwenzetu mmoja alimwaga nusu ya chupa ndani ya shingo. Alipoingia mu salle, watu walijua ameingia mbele ya kumuona. Usiku baba yake pia alijua, na kule hatutaendelea na habari.

Kisha, viatu. Mwaka ule viatu vyeupe vilikuwa mode. Mwenzetu mwingine hakukuwa navyo. Alikuwa paka na viatu vya kahawia, vya kuendea masomo. Akachukua chaki, akaitwanga mu kinu cha mama, akachanganya na maji, akapaka viatu, akavianika juani. Vikakauka vizuri kabisa. Watu waliona viatu vyeupe. Mama yake, yeye, aliona kinu: siku ile sombe yao ilikuwa na rangi yenye haijawahi kuonekana mu Katanga.

Mazoezi tulifanya na mufagio. Mufagio ni mzuri kwa slow: una kiuno, haucheki, na haukatali. Wenye walikuwa na dada mdogo walimulipa mikate miwili ili ajifanye mademoiselle. Na kuko sentensi yenye tulijifunza kwa kichwa kama katekisimu: "Mademoiselle, vous permettez?" Wote tuliijua. Shida ni moja: hakuna mwenye alijifunza neno la kusema kama msichana anajibu ndiyo.

Sasa tuingie ndani. Wavulana ku ukuta wa kushoto, wasichana ku ukuta wa kuume. Katikati, simenti tupu, yenye ilipakwa cire mpaka inang'aa. Kutoka ukuta moja mpaka ku ingine, labda mita kumi na mbili. Baba zetu walikuwa wanashuka chini ya udongo kila siku, mamia ya mita, na lampe ku kichwa, bila kusema neno. Watoto wao walishindwa kuvuka mita kumi na mbili za simenti, tena mchana.

Préfet alikaa mbele, mu abacost yake, juu wakati ule cravate ilikuwa marufuku. Ku mukono alikuwa na règle ya tableau, ile ya mbao, ya mita moja. Wakati wa slow alipita katikati ya watu na kupima. Sheria yake: kati ya mvulana na msichana lazima cahier ipite bila kugusa mtu. Alipoteza nguvu zake bure. Wengi wetu tulicheza mbali mbali mpaka brouette ingepita, na mwenye kuisukuma pia.

Muziki ulitoka mu radio-kaseti ya baba wa mwanafunzi mmoja, na mtoto yule alikuwa mufalme wa siku. Alikuwa na Franco, alikuwa na Zaïko Langa Langa, alikuwa na Papa Wemba. Alikuwa pia na Kassav', wale wa Antilles wenye walituletea zouk, na zouk ilitutesa sana: haiko slow, haiko rumba, na miguu yetu haikujua ifuate nani. Kila mara radio ilikula kaseti. Vijana sita walikimbia na Bic zao kuizungusha. Sasa tunaweza kusema ukweli: zile dakika kumi za Bic zilikuwa dakika nzuri kupita zote, juu hakuna mwenye alilazimishwa kucheza.

Saa ya kwanza, wavulana walicheza kati yao, kando ya ukuta, wakionyeshana kwassa kwassa na kuangalia pembeni kama wasichana wanaona. Wasichana walikuwa wanaangalia karanga. Mwalimu wa géographie akaingia katikati kutufungulia njia. Alicheza kama mtu mwenye anaua nyoka. Ilisaidia kidogo: kisha yeye, hakuna mwenye angeogopa kuwa wa mwisho.

Kisha slow ikaanza, na hapa njo habari ya mwenye viatu vyeupe.

Aliondoka ukutani. Alifika katikati ya salle. Pale alisimama, akajipiga ku paji la uso kama mtu mwenye amekumbuka kitu, akageuka, akaenda kunywa maji. Slow ya pili, vile vile: akatoka, akafika katikati, akakumbuka kitu, maji. Alikunywa maji mara tano. Wakati saa kumi na nusu ilipiga, ikabaki paka kaseti moja, akavuka kabisa. Akasimama mbele ya msichana mmoja wa deuxième B. Sentensi yote ikakimbia. Akasema kwa sauti kubwa: "Madame, vous promettez?"

Msichana alimuangalia. Akatikisa kichwa: hapana. Hakusimama hata kidogo. Mwenzetu akasema merci, akarudi, mita kumi na mbili, salle nzima ikimuangalia. Hakulia. Alikunywa maji tena.

Jioni, wakati wa kufagia, njo tuliona. Chaki ilikuwa imebaki juu ya cire. Nyayo zake zilikuwa zimeandikwa chini kama leçon ku tableau: ukuta, katikati, maji, ukuta, katikati, maji, mara tano. Kisha mustari moja tu, mpaka mbele ya kiti cha yule msichana, na kurudi. Préfet akaangalia chini, akauliza nani amemwaga unga. Hakuna mwenye alisema jina. Ile siku tulianza kuwa marafiki, na tunabaki vile mpaka leo.

Sisi wanaume tulifikiri haya ilikuwa yetu peke yetu. Lakini kati yetu wenye tunaandika hapa kuko pia wamama, na tulipofika pale mu habari, wakatukata: "Nyamazeni kwanza. Nyie mulivuka mita kumi na mbili. Shiye tulikaa tu na kungojea."

Mmoja alikuwa murefu kupita wavulana wote wa C.O. Alikaa saa tatu chini ya dirisha, akijifanya anahesabu matofali ya ukuta. Mpaka leo anajua hesabu. Mwingine alivaa viatu vya mama yake na pamba ndani, na alilomba Mungu mtu asimuite, juu angesimama yeye, na viatu vingebaki vimekaa. Hakuna hata mmoja mwenye alituona kama tulivyojiona. Walikuwa na kazi yao ya kuogopa.

Na yule wa deuxième B? Tulimukuta zaidi ya miaka 30 kisha, ku kilio kimoja, kule Likasi. Ameolewa, ana wajukuu. Mwenye viatu vyeupe alikuwa pale pamoja na sisi. Tulikaa karibu ya moto, na yeye mwenyewe akaanza: "Weye, ile siku, nilitaka sana kucheza. Lakini mama alikuwa amepiga robe yangu pasi ya makala, likaanguka kala moja. Nyuma kulikuwa shimo kama sahani. Kama ningesimama, wote wangeona. Nilikaa saa tatu, hata ku WC sikuenda." Mwenzetu alikuwa ametembea na ile hapana ndani ya roho miaka yote hiyo. Alicheka mpaka machozi yakatoka. Familia ya marehemu ilikuja kumushika mabega, wakisema: pole baba, huyu alimupenda sana ndugu yetu.

Wengine watasema: haya, mumetuchekesha, sasa neno ni nini? Neno ni hili. Ndani ya ile salle yenye kunuka cire na karanga, tulijifunza mambo yenye hakuna mwalimu aliandika ku tableau. Kijana alijifunza kulomba, kwa kinywa chake, mbele ya watu, bila kukamata mtu mukono. Msichana alijifunza kama anaweza kusema hapana, na ile hapana inabaki hapana. Na kijana akajifunza kurudi ku ukuta wake akiwa mzima. Hakuna mwenye alimufuata yule msichana nje. Hakuna mwenye alimuonyesha franka. Mama wa foyer alikuwa ku mlango, préfet na règle yake, na sisi wote tulikuwa watoto wa kimo kimoja. Tulikosea mbele ya macho ya watu wenye walitupenda, na hakuna kosa lenye lilipita kicheko.

Hatutaki kupamba zamani. Kambi ilikuwa na ngazi zake. Wa cadre walikuwa na cercle yao, wafanyakazi wengine na yao, na hata nyumba zilionyesha daraja ya baba. Ndani ya salle, kwa saa tatu, mtoto wa contremaître alikatazwa sawasawa na mtoto wa manœuvre, na ile ilitufurahisha sana. Lakini kuko mwenzetu mwingine, mwenye hakuingia. Baba yake alikuwa amepoteza kazi mwezi wa tano, na kutoka pale familia haikuhesabiwa tena mu kambi. Alikamata vyuma vya dirisha, akatuangalia mpaka mwisho. Tulimuona. Tulimupitishia karanga ku dirisha, na tulifikiri tumefanya vizuri. Leo bado anatukumbusha: "Karanga mulinipa. Lakini mimi sikukuwa na njaa ya karanga."

Tunamuandika hapa makusudi, juu leo watoto wengi wa miji yetu ya mine wako ku ile dirisha.

Munajua vile mambo yalienda. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990, mine ya Kamoto ikaanguka ndani. Uporaji wa 1991 ukafuata. Katika 1994, shaba ilikuwa imebaki chini ya tani 40 000. Na kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka kwa ule mpango wenye uliitwa départs volontaires. Wakati mshahara unachelewa, kitu cha kwanza kufa si masomo, wala hospitali. Ni boum. Nani ataleta sukari? Salle zikageuka dépôt, zikageuka kanisa, zikageuka nyumba za watu. Hatulaumu mwenye kulala ndani. Mtu lazima alale fasi fulani.

Leo shaba imerudi, hata imepita ile ya zamani. Kampuni ziko nyingi, camions zinapiga foleni mpaka ku Kasumbalesa. Lakini mfanyakazi mwingi wa leo ni wa sous-traitance. Mkataba ni wa miezi, baba analala ku base vie, bibi na watoto wanabaki ku cité ya mbali. Kambi yenye watoto wanakua pamoja haiko tena. Mishahara inarudi ku nyumba, siku zingine, ndani ya simu. Salle ya watoto hairudi ndani ya simu.

Hapa vijana watatujibu: tunacheza kupita nyie. Ni kweli kabisa! Mtoto wa miaka 12 leo anacheza mbele ya telefone vile hata mwalimu wetu wa géographie hangeweza, na Mungu amupumzishe. Lakini anacheza peke yake, na wenye wanamuona hawaoni kama robe ina shimo, hawamupi sucré, hawamusindikizi nyumbani. Na akitaka kucheza pamoja na wenzake, fasi yenye iko wazi ni terrasse. Pale, mwenye kuvuka mita kumi na mbili haiko kijana wa kimo chake mwenye kusahau kifaransa chake. Ni mwanaume wa miaka 35, ametoka kulipwa, na hana haya. Hakunywi maji mara tano. Analeta sucré ya kwanza, na anajua kama ya pili haitakuwa sucré.

Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu mwenye hajafika miaka 18. Tunaijua. Mwenye terrasse anaijua pia. Lakini sheria peke yake haichezi muziki. Kama tunamukataza mtoto mlango ya mubaya bila kumufungulia mlango ya muzuri, atapita ku dirisha.

Tunajua wazazi wengine watakatala. Baba mmoja, mwamini sana, alituambia: muziki unaleta mimba. Tulimuheshimu, tukamujibu kwa upole: baba, muziki uko mu kila avenue, mchana na usiku, hata mu matangazo ya mbegu za mahindi. Mimba inakuja ku giza, ku franka na ku fasi yenye hakuna mutu mukubwa wa kusema "wee, mutoto wa fulani, rudia". Ile rumba yetu, mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika mu urithi wa dunia nzima, ya Kinshasa na ya Brazzaville pamoja. Dunia nzima inasema ni mali. Shiye wenyewe tunaiachia terrasse itunze?

Na fasi ya kuipata salle iko. Code minier, ile yenye ilibadilishwa kwa sheria ya 9 Machi 2018, inalomba kila kampuni ya mine isaini cahier des charges pamoja na watu wenye kukaa karibu, na itoe walau 0,3 % ya chiffre d'affaires kwa maendeleo yao. Wakati wa kuandika ile cahier, tunalomba maji, tunalomba dispensaire, tunalomba madarasa. Vizuri, na yatangulie. Lakini mara ngapi mumesikia mutu amesimama mu mukutano na kulomba salle ya watoto? Wanaume tunalomba terrain ya mpira juu sisi wenyewe tunapenda mpira. Salle yenye madirisha, simenti, mlango mbili na WC ya wasichana haiko kitu cha kuonea haya kulomba. Na iandikwe wazi: ni ya watoto wote wa quartier, wa mwenye mkataba, wa mwenye hana mkataba, wa creuseur, wa mwenye alifukuzwa mwezi wa tano. Mtu asibaki ku dirisha.

Mbele ile salle ijengwe, hatungojei. Wazazi wa avenue yetu tumekaa, tumekubaliana. Kisha proclamation, kutakuwa boum ya septième na huitième. Saa nane mpaka saa kumi na moja. Mwenye ana zaidi ya miaka 15 haingii, hata kama analeta radio. Pombe hakuna. Sucré ni ya bei moja na kila mtoto ananunua yake ao ananunuliwa na mzazi wake. Mwenye anaitwa kucheza anaweza kukatala, na mwenye amekataliwa anasema merci. Wababa wa poste ya asubuhi watakuwa wametoka kazi. Watasindikiza watoto kurudi nyumbani kwa kundi, avenue kwa avenue. Kile bado hatuna ni salle. Tumeandikia masomo moja ya karibu, na préfet hajajibu. Kama anasoma hapa, tunamusalimia kwa heshima, na tunamukumbusha kama yeye pia alikuwa mtoto, na kuko wenye walimuona akicheza.

Wamama wataleta mikate na karanga. Yule mwenye zamani alibaki ku dirisha amelomba kazi ya kukaa ku mlango. Anataka kuona kila mtoto mwenye anakuja anaingia. Na yule wa viatu vyeupe atashika muziki. Tumemupa sharti moja tu, chaki abaki nayo kwake, juu salle ni ya watu na lazima irudishwe safi.

Jana kijana wake, miaka 14, alimuuliza: "Baba, nikifika mbele yake, niseme nini?" Tulikuwa pale, tukanyamaza wote, tukingojea ile sentensi ya kifaransa. Baba alifikiri muda murefu. Akasema: "Mwambie jina yako. Muulize yake. Kama anakatala, sema asante na rudia. Haiko mbali, nilipima."

Mwenye radio ya nguvu ku quartier yetu, na piles za kutosha kama courant inakatika, aje kutuona mbele ya tarehe 2 Julai. Bic tuko nazo.